Bingwa wa Drafti wa Kiwanda cha Pamba

Alikozaliwa na ukoo wa baba yake waulizwe wenyewe wa Kiriba. Ndiko kwao, na wapo huko wanaoweza kukuhesabia mababu mpaka ulimi ukauke. Mimi nilimkuta amekwisha kuwa mtu mzima, amevaa suruali ya kaki iliyomzidi kiuno, amekaa juu ya gunia la mbegu nje ya stoo ya kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Bunda. Mbele yake palikuwa na ubao wa drafti, na wanaume kama kumi walikuwa wamemzunguka wakimtukana. Nikadhani ni mwizi amekamatwa.

Hakuwa mwizi, alikuwa Bingwa. Hivyo ndivyo alivyoitwa na meneja, na mlinzi wa getini, na mama aliyetupikia uji wa saa nne, na watoto wa kwenye nyumba za wafanyakazi. Sikumbuki mtu aliyemwita vingine, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Lazima kwanza nieleze kazi yetu, maana vijana wa leo nikiwasimulia wananiangalia kama ninayewauzia dawa ya uongo. Miaka ile baada ya vita, sukari ilipokuwa ya foleni na mche wa sabuni ukawa zawadi ya kumpelekea bibi harusi, kila shirika la umma lilikuwa na timu zake. Mpira wa miguu, netiboli, kuvuta kamba, bao, drafti. Mashirika yalishindana kila mwaka, kwanza ngazi ya kanda, halafu fainali za taifa. Kiwanda kilichoshindwa kuchambua pamba kwa kukosa vipuri hakikukubali hata kidogo kushindwa kuvuta kamba. Kwa hiyo watu waliajiriwa kwa miguu yao, kwa mikono yao, na wengine kwa vichwa vyao.

Mimi niliajiriwa kwa netiboli, nilikuwa mfungaji. Kwenye karatasi niliitwa mfagizi, lakini fagio nililishika siku za wageni tu. Bingwa kwenye karatasi alikuwa msaidizi wa mizani. Mizani yenyewe ilikuwa imeharibika kabla hajafika kiwandani, na jambo hilo lilimfaa sana.

Wapo waliotusema kwamba tunakula bure. Sikubali hadi leo. Nimemwona mbeba marobota ya pamba akitoka kazini jioni akipiga mluzi, na nimemwona Bingwa akitoka kwenye ubao hawezi hata kufunga kamba za viatu. Kazi ni kazi. Yake ilikuwa ya kukaa, basi.

Viatu alikuwa akivivua kabla ya kucheza. Aliviweka pembeni, pua zikitazama mlangoni, akakunja miguu kama anayengoja kupakuliwa ugali, halafu akamwacha mwenzake aanze. Daima alimwacha mwenzake aanze. Mkono wake ulikuwa unaelea juu ya kete muda mrefu, unashuka nusu, unapanda tena, na watu wanapandisha roho na kuishusha pamoja nao. Lakini akishagusa kete, amegusa. Sikuwahi kumwona akirudisha kete, wala akimruhusu mtu kurudisha. Alisema mkono ukitubu kila mara, kichwa kitakuwa mvivu.

Alikuwa na maneno yake ya namna hiyo. "Ukiona njia nyeupe, uliza nani ameifagia." Hilo alilisema mtu alipokaribia kuingia kingi, mstari wa mwisho wa ubao, kirahisi. "Kete inayokimbilia kuliwa ina sababu." Na kwa wale waliocheza haraka haraka wakigonga kete kwenye ubao ili watishe, alisema tu, "Huyu ana kwingine anakowahi," akawalia kete zote kimyakimya.

Kete zenyewe zilikuwa za magunzi. Mtasema kwa nini asitumie vizibo vya soda kama watu wote. Soda ilikuwa wapi? Soda tuliiona kwenye arusi ya mtoto wa mkubwa, na vizibo vyake viliokotwa kabla chupa haijaisha. Bingwa alikuwa akichukua magunzi ya mahindi, anayakata vipande vyembamba kwa kisu cha samaki, nusu anaviacha vyeupe na nusu anavichoma kwenye jiko la yule mama wa uji mpaka viwe vyeusi. Mchezo ukiisha vidole vyake vilikuwa na masizi upande mmoja. Ukimkuta na masizi mkono wa kulia, ujue alicheza na kete nyeusi na usimsalimie kwa mkono kama unakwenda kanisani.

Sasa nije kwenye matusi, maana huko ndiko nilikoingia mimi.

Drafti ya Bunda haichezwi na watu wawili. Inachezwa na kijiwe kizima. Wawili wanakaa, na waliobaki wanasimama wakishauri, wakibeza, wakitaja kete ambayo ungeisogeza kama ungekuwa na akili. Bingwa alijifunza mchezo katikati ya kelele hizo na kelele hizo zikawa chumvi yake. Siku moja nilimuuliza inakuwaje mtu atukanwe na ndipo acheze vizuri.

"Kichwani kuna mtu wawili, shemeji," akaniambia. "Kuna mmoja anaogopaga na kuna mmoja anachezaga. Nikitukanwa, yule mwoga anatoka kuja kugombana na nyie. Anabaki mwenye kazi yake."

Aliniita shemeji kwa haki. Mke wake alikuwa mtoto wa mama yangu mkubwa, walioana mimi nikiwa mbali na nyumbani, na kwetu shemeji ana ruhusa ya ulimi. Wanaume wa kiwandani walimtukana kwa kelele tu, hawana ufundi. Mimi nilikuwa nimelelewa na bibi aliyeweza kumchambua mtu tangu ukucha mpaka unywele huku anapepeta mtama. Nilipomwambia Bingwa mara ya kwanza, mbele ya watu, kwamba dada yangu alimkubali kwa sababu siku ya posa kulikuwa na ukungu, kijiwe kilianguka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alisogeza kete moja, akala tatu. Tangu siku hiyo kila akipata mchezo mgumu mtu alitumwa kuniita uwanjani.

Matusi yake yalikuwa na mipaka. Usimtaje mama yake, usimtaje Mungu, usitaje ugonjwa wa mtu. Kichwa, suruali, masikio, namna anavyotembea, vyote vilikuwa halali. Masikio yalikuwa makubwa kweli, sikuongeza kitu.

Na huyu huyu aliyeishi kwa matusi alikuwa mtu wa kanisa. Aliimba besi kwenye kwaya, hakunywa, hakuvuta, hakuwahi kumrudishia mtu tusi hata moja. Nilimwambia siku moja kwamba ananiachia mimi dhambi zote za mchezo. Akafikiri kidogo, akasema ataniombea, na nadhani alikuwa akiniombea kweli.

Mambo yake mengine nayo hayakupatana. Mtu aliyeweza kukaa juu ya kete moja mpaka kivuli kikahama hakuweza kupanga foleni. Akifika dukani akikuta watu watano mbele yake, anageuka kwenda zake, watoto wanakunywa uji bila sukari. Mwana wa Kiriba, aliyezaliwa akisikia mawimbi, aliogopa ziwa. Mtumbwi hakuupanda, na akienda kwao alizunguka kwa nchi kavu huku wenzake wakivuka na kufika wameshakula. Kwenye ubao alitoa kete zake sadaka kwa moyo mweupe, lakini nyumbani alimnyima paka hata mkia wa furu, visamaki vya ziwani. Dada yangu alisema paka yule alikuwa akila kwa majirani na kulala kwao kwa heshima tu.

Ugonjwa wa kimya tuliugundua Butiama. Tulikwenda huko na lori la kiwanda kwa mechi ya kirafiki na walimu wa shule moja. Sisi wa netiboli tulishinda, wa kamba wakaburuta watu, kisha tukaenda kumtazama Bingwa. Walimu wale walikuwa watu wa adabu mno. Walikaa kwenye madawati wamekunja mikono. Mmoja alipotaka kumbeza alisema, "Ndugu, naona kete yako ya kushoto ingefikiriwa tena." Bingwa alikuwa akisinzia. Alifungwa na mwalimu wa kilimo ambaye baadaye alikiri kwamba alikuwa anajifunza. Njiani kurudi Bingwa alitazama vumbi nyuma ya lori kama aliyeacha kitu barabarani.

Hiyo ilikuwa kirafiki. Mashindano ya kanda mwaka ule yalikuwa Musoma, kwenye ukumbi mmoja upande wa Kamunyonge, na huko kimya kilikuwa sheria. Mwamuzi alikuwa amevaa tai. Alisoma kanuni kwa sauti: mtazamaji atakayetoa sauti atatolewa, na mchezaji wake atapoteza mchezo. Mpinzani alikuwa mtu wa bandarini, mnene, mtulivu, aliyezoea kucheza peke yake melini. Wangecheza mara tatu. Wa kwanza Bingwa alifungwa vibaya. Nilimwona akitafuta nyuso zetu kama mtu anayezama, na sisi tumeziba midomo kwa khanga.

Niliumia. Niseme kweli, nilimpenda mtu yule kama kaka, na kumwona akifa kwa kukosa kitu rahisi kama tusi kulinichoma. Nikatoka nje na mlinzi wetu wa goli, msichana wa Nyamuswa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Tukakaa chini ya dirisha, nikamwambia, "Gombana na mimi."

"Juu ya nini?"

"Juu ya mwanaume yeyote mwenye masikio makubwa."

Akaelewa. Tukaanza. Mimi nikadai mume wangu ana kichwa, yeye akauliza kichwa gani, kile kinachotumika kutundikia kofia? Nikasema angalau anajua kuvuka maji. Akasema anavuka kwa kuzunguka, kama mbuzi aliyeona dimbwi, na suruali yake inafika kesho yake. Mwamuzi akatoa kichwa dirishani.

"Nyie wasichana, mnagombania nini hapo?"

"Tunagombania mume, mzee," akajibu mwenzangu.

"Kagombanieni mbali."

"Yuko karibu, mzee. Ndiyo maana."

Hakujua kanuni ipi inakataza ugomvi wa nje ya ukumbi, akarudi ndani. Kutoka pale dirishani niliona mabega ya Bingwa yakishuka, na vidole vya miguu vikichezacheza chini ya meza. Alishinda wa pili na wa tatu. Kipaza sauti kikatangaza, "Drafti, mshindi wa kanda, kiwanda cha pamba cha Bunda," na tukapiga vigelegele mpaka yule mwamuzi akatutambua. Kuanzia hapo kila safari nilibebwa na timu hata kama netiboli haichezwi. Nilikuwa mtunza vifaa vya drafti. Vifaa vyenyewe vilikaa mfukoni mwa Bingwa.

Ubingwa wa kanda aliuchukua miaka kadhaa. Wa taifa ulimponyoka, na mara moja ulimponyoka kwa hiari yake. Tulikuwa Morogoro, amewafunga wote, imebaki fainali, na fainali ikapangwa Jumamosi. Kanisa lake linaishika Jumamosi. Meneja wetu alikuja kumbembeleza, mtu mzima na kitambi chake, akachuchumaa mbele ya kitanda cha chuma. Bingwa akamwambia jua likizama atacheza na yeyote, hata usiku kucha. Waandaaji wakakataa. Siku ya pili yake alikaa chini ya lori na Biblia, na kombe likaenda kwa mtu ambaye hakusogeza hata kete moja.

Jioni yake meneja alimpitia pale alipokuwa. Hakupiga kelele. Alisema, "Jumamosi ni yako, sawa. Lakini ubingwa ni wa kiwanda. Umetoa sadaka mali isiyo yako."

Njia nzima ya kurudi, kila lori liliposimama, Bingwa alinirudia na swali lile lile kwa maneno mapya. Kama mimi nimefunga goli, goli ni la nani? La timu, nikamwambia. Basi na kete? Ile nafasi ambayo ameiona yeye tu, ambayo hata mimi niliyekuwa nyuma yake sikuiona, ni ya kiwanda? Nikamwambia aache ubishi alale. Sikujua kwamba jambo lile limemwingia.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Maduka ya Bunda yakajaa bidhaa kama zilizokuwa zimefichwa mahali. Sabuni za rangi, mitumba, redio za betri mbili, soda za kila namna. Vizibo vikazagaa barabarani, watu wakavikanyaga. Bingwa alivijaribu wiki moja akarudi kwenye magunzi, akasema kizibo kinateleza kabla hujaamua. Nasi tulifurahia sukari kama watoto. Hatukuuliza njia hii nyeupe ameifagia nani.

Pamba ilianza kununuliwa na watu binafsi, kiwanda kikakaa miezi bila mlio. Akaletwa meneja mpya, kijana mwenye mkoba, aje kupunguza watu. Tuliitwa mmoja mmoja. Nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi nikingoja zamu yangu, mlango uko wazi kwa sababu ya joto, na aliyekuwa ndani alikuwa Bingwa.

"Kazi yako hapa nini, mzee?"

"Naandikwaga msaidizi wa mizani."

"Sikuulizi unavyoandikwa. Unafanya nini?"

Palikuwa na nafasi ya kusema uongo. Wengi waliusema, na wengine walibaki kazini kwa sababu hiyo. Bingwa alisema, "Nachezaga drafti."

Yule kijana alicheka, na sidhani kama alicheka kwa ubaya. Akamweleza kwamba nyakati zimebadilika, kwamba kiwanda kinauzwa, kwamba atalipwa haki zake. Bingwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu. Fainali za taifa zilikuwa zinakuja, naye ni bingwa wa kanda. Je, atakwenda?

"Michezo ile ni ya wafanyakazi wa mashirika," kijana akasema. "Wewe kuanzia leo si mfanyakazi."

"Lakini bingwa wa kanda ni mimi."

"Bingwa wa kanda ni kiwanda, mzee. Kombe si hilo hapo kabatini? Soma."

Alisoma kweli. Nilimwona akiinama karibu na kioo cha kabati, akifuata maandishi kwa kidole chenye masizi. Kombe baada ya kombe, jina la kiwanda. Alipotoka alisimama mbele yangu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Shemeji, sema kitu."

Nilitafuta. Suruali ilikuwa pale, masikio yalikuwa pale, kichwa kilikuwa pale. Sikupata hata moja la kumtupia. Nililia tu, naye akanishika bega akaenda kufungasha.

Walirudi Kiriba, yeye na dada yangu. Mimi nilipunguzwa siku ile ile, nikaingia kwenye mitumba sokoni Bunda, na sijuti, biashara imenilea. Habari zake nilizipata kwa dada alipokuja kuuza dagaa. Anapanda mhogo. Ameota mvi. Heshima imemzidi, watu wanamwita mzee wetu na kumpa kiti, wala hakuna anayethubutu kumwambia neno baya. "Hana wa kucheza naye," dada alisema. "Wanamwogopa. Anakaaga peke yake nyuma ya nyumba na vigunzi vyake." Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa mzito. Nilijua kimya kinamfanya nini mtu yule.

Miaka ikapita. Jumapili moja gari la matangazo likazunguka soko zima. Wakala wa soda ameandaa mashindano ya drafti katika ukumbi wa shule ya msingi, mashindano ya wazi, mwenye kazi na asiye na kazi, wa Bunda, wa Musoma, wa kokote, aje. Nilikuwa na wateja wengi. Nilipopata mtu wa kunishikia meza, ilikuwa alasiri, na mchezo uliobaki ulikuwa wa mwisho.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, na ulikuwa kimya. Mwamuzi alikuwa amekataza sauti. Nilijipenyeza kwa viwiko. Upande mmoja wa ubao alikaa kinyozi kijana wa Nyamuswa ambaye sifa zake zilikuwa zimenifikia. Upande wa pili nikaona jozi ya viatu pembeni, pua zikitazama mlangoni.

Alikuwa amekonda. Masikio yalikuwa yamebaki vilevile, hivyo yalionekana makubwa zaidi. Walikuwa wameshinda mchezo mmoja mmoja, wanauanza wa tatu. Nikaanza kurudi nyuma nitoke nje nikatafute dirisha, ulimi umeshajaa, miaka yote ile ya matusi iko tayari. Wakati huo akainua macho akaniona. Akatabasamu, halafu akatikisa kichwa kidogo kwamba nisiende popote.

Nilibaki pale nimefumbata mikono. Alicheza polepole, midomo yake ikitembea bila sauti. Mkono ulielea, ukashuka nusu, ukapanda. Kinyozi akajiona ana njia ya kingi, akaikimbilia. Mkono wa Bingwa ukashuka. Alitoa kete moja ikaliwa, akatoa ya pili, na mimi niliyemtazama nusu ya ujana wangu sikuelewa anakwenda wapi mpaka alipookota nne kwa mpigo mmoja na ubao ukabaki mweupe. Kinyozi akampa mkono.

Watu walimwagika katikati. Nilimfikia kwa shida. "Shemeji," nikamwambia, "umezeeka vibaya."

"Karibu, shemeji. Na wewe umenenepa kwa jasho la watu."

Lilikuwa tusi la kwanza kulisikia kinywani mwake. Nikamuuliza amewezaje kucheza kwenye kimya kile bila mtu.

"Kiriba hakuna wa kunitukana," akasema. "Ikabidi nijifunze mwenyewe. Nikikaa kwenye ubao najisema moyoni, mambo mabaya kabisa, hata wewe hujawahi kuyafikia. Mwanzoni nilikuwaga najikasirikia kweli. Sasa tumezoeana."

Tulikuwa bado tunacheka mtangazaji alipogonga kipaza sauti na kuomba watu watulie. Akasema mshindi wa kwanza wa mashindano ya wazi ya drafti ni, kisha akataja jina. Lilikuwa jina refu, la ubatizo, la nyumbani na la baba. Sikuwa nimelisikia maisha yangu yote. Nikapiga makofi kwa adabu, roho imenishuka, nikigeuka huku na huku kumtafuta mtu huyo aliyepewa ushindi wa shemeji yangu mbele ya macho yetu. Wengine nao walikuwa wanageuka. Kelele za manung'uniko zikaanza kule nyuma, wazee wa kiwandani wakiuliza huyo ni nani, na Bingwa je?

Yeye alikuwa ameinama anavaa viatu. Alifunga kamba zote mbili, akasimama.

"Ni mimi huyo," akatuambia.

Njia ikafunguka, akapita katikati yetu mpaka mbele. Mtangazaji alimpa mkono, akamuuliza anachezea kampuni gani ili watu wajue. Bingwa akamwomba kile kipaza sauti. Alikishika kwa mikono miwili, akalirudia jina lile lote, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayeonja chakula alichokipika mwenyewe. Ukumbi ulikuwa kimya tena. Kisha akanitafuta kwa macho kule nilikokuwa.

"Umelisikia, shemeji?"

Nikamwambia nimelisikia.